Hatua Kumi, Ufito Mmoja: Torgunn na Njia ya Gråvassbu

Saa tatu asubuhi ya Jumapili jua limeshapanda juu ya mlima, na kipimajoto cha mlangoni kinasoma nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Torgunn Litlestøl yuko katikati ya ziwa lililoganda, mbao zake za skii miguuni, sleji iliyojaa fito ikimfuata kwa kamba iliyofungwa kiunoni. Anahesabu kwa sauti.

"Saba, nane, tisa, kumi."

Anasimama, anachomoa ufito mmoja kwenye sleji, anatoboa theluji kwa mtaimbo mwembamba na kuuchomeka mpaka ubaki wa kimo cha mtu. Anautikisa kuona kama umeshika. Kisha anaanza upya: moja, mbili, tatu.

Mwandishi wa makala haya, mzaliwa wa bondeni wilaya hii hii, anayejidai kuzijua shughuli za milimani, anachagua wakati huo kumuuliza analipwa kiasi gani.

"Kroni elfu thelathini na mbili kwa msimu," anajibu huku akiendelea kuteleza. "Na kahawa najinunulia. Liandike hilo, huenda wakubwa wanasoma magazeti." Anateleza kidogo tena, halafu anageuka, uso umekunjamana. "Nilikuwa nimefika ngapi?"

"Saba," anasema mwandishi, kwa uhakika wa mtu ambaye hakuhesabu chochote.

Torgunn anatazama alikotoka. Anatazama jua. Anaongeza hatua tatu na kuchomeka ufito.

"Ukinisemesha tena nikihesabu," anasema, "nitakuchomeka wewe."

Ana miaka sitini na mmoja. Alizaliwa katika nyumba hiyo hiyo ya magogo anayoishi, Litlestøl, ukingoni mwa ziwa, ambako barabara hufungwa Novemba na kufunguliwa Mei. Kazi yake ni kutunza njia ya majira ya baridi kutoka kibanda cha wasafiri cha Gråvassbu mpaka nyumbani kwake. Ni kilomita kumi na tisa. Huanzia Gråvassbu na kumalizia mlangoni pake, na kazi humchukua wiki tatu, hali ya hewa ikimhurumia.

Kanuni ya njia ni nyepesi, watoto wa huku huijua kabla ya kujua kusoma: ufito mmoja kila hatua kumi, na usiuache ufito ulio nao mpaka uuone unaofuata. Ukungu ukishuka kwenye theluji, mbingu na ardhi huwa kitu kimoja. Mtu hujikuta ameanguka, naye alidhani amesimama.

Fito huzikata Oktoba kwenye miti ya magome meupe chini ya mteremko, kabla theluji haijaifukia. Mwaka huu alikata 2,200. Jioni ya Jumapili hiyo, alipochomeka wa mwisho karibu na ngazi za nyumba yake, alitumia kalamu ya risasi kuandika hesabu kwenye kitabu cha njia kinachoning'inia jikoni: fito 1,912.

"Zilizobaki ni za moto?" mwandishi aliuliza.

"Zilizobaki ni za usingizi," alisema. "Zikibaki, nalala."

Sababu ya jibu hilo ilikuwa imekaa mezani, miwani puani, uzi umebanwa kwa meno.

Halvard, mumewe, ana miaka sitini na sita. Aliendesha katapila la kufyeka theluji barabarani kwa miaka thelathini na moja. Siku hizi anatengeneza chambo cha kuvulia samaki: ndoano ndogo kuliko punje ya mchele, anayoivisha manyoya ya sungura na ya kware wa milimani mpaka samaki aamini kuwa ni nzi. Anaye samaki mmoja anayemwinda kwa miaka minne katika mto unaoingia ziwani. Amempa jina la waziri mmoja wa zamani, kwa sababu, asema, hula kila kitu na hakamatiki.

Kazi hiyo inataka vidole kumi, na Halvard ana vinane na nusu mbili. Cha shahada na cha kati vya mkono wa kushoto vimeishia kwenye kiungo cha pili. Kinachokosekana anakijazia kwa meno.

Torgunn naye hufuma. Kila vuli humfumia Halvard glavu mpya za sufu, za kuvaa ndani ya mitteni ya ngozi, ile glavu nene isiyotenganisha vidole, na katika ile ya kushoto vidole viwili huwa vifupi.

"Ameanza kuokoa sufu," Halvard alimwambia mwandishi. "Nikipoteza na vya kulia, ataweza kufuma na soksi."

"Na ukipoteza ulimi nitafuma blanketi," alisema mkewe bila kuinua macho.

Ndivyo zinavyokwenda siku Litlestøl. Asubuhi wanapima kina cha theluji kwenye nguzo iliyo nyuma ya ghala. Wanakoroga uji. Wanasikiliza mashindano ya skii redioni na kuwafokea wachezaji kana kwamba wanawalipa wao. Mguu wa kondoo uliokaushwa unaning'inia darini, na anayepita hukata kipande kwa kisu chake.

Kila mwaka wanaweka dau. Mwezi wa Machi hutoa kiti kibovu na kukiweka juu ya barafu mbele ya nyumba, na kila mmoja anaandika tarehe ambayo kiti kitazama. Anayekosea kwa siku nyingi zaidi anaosha vyombo Juni yote. Halvard ameshinda miaka minne mfululizo na hana aibu ya kulitaja jambo hilo.

Lakini Torgunn hakuwa na raha wiki hiyo, na hakuficha.

Kuna desturi moja ya njia za fito ambayo haivunjwi: aliyechomeka hajaribu. Kabla ya Jumapili ya Matawi, watu wa mjini wanapoanza kumiminika na machungwa yao ya Pasaka, lazima mtu mwingine aipite njia nzima peke yake, tena siku ya ukungu. Siku ya jua haihesabiki. Mjaribu hubeba mfuko wa sufu nyekundu, na kila ufito asiouona kutoka ule uliotangulia huufunga uzi, ili aliyechomeka akarekebishe. Ripoti isipofika kwenye chama cha wapanda milima kufikia Ijumaa, njia haifunguliwi na kibanda hakipati wageni.

Kwa miaka sita iliyopita mjaribu alikuwa Aslaug, jirani wa upande wa Gråvassbu, bibi wa miaka sabini na minne ambaye sifa yake ni kutomwonea mtu haya. Mwaka huu magoti yamemgomea, amehamia bondeni kwa binti yake. Alipiga simu Jumapili jioni.

"Nani anajaribu?" sauti yake ilisikika jikoni nzima.

"Mimi," alisema Halvard kabla ya mkewe kufungua mdomo.

"Haya," Aslaug alisema. "Basi usimdekeze."

Ilipokatwa simu, Torgunn aliweka chini sindano zake. "Hutakwenda."

"Yupo nani mwingine? Huyu?" Halvard alimwelekezea mwandishi kidole, kimojawapo cha vile vifupi. "Huyu atapotea kwenda chooni."

Asubuhi ile ile mwandishi alikuwa amekwenda chooni na kutokea zizini.

Lililotokea miaka sita iliyopita, lililokula vidole vya Halvard, Torgunn alilisimulia mwenyewe, Jumatatu, mumewe alipokuwa ameshaondoka. Asubuhi hiyo ya Jumatatu kulikuwa na jua. Halvard aliifuata njia kwenda Gråvassbu, akalale huko na kuusubiri ukungu, uliotabiriwa kwa Jumatano. Alipotea machoni baada ya dakika arobaini, nukta nyeusi juu ya ziwa jeupe.

"Mwaka ule nilikata fito chache," alisema. Alikuwa akimenya viazi na hakuacha kumenya. "Nilifika hapa ziwani, nyumba naiona, moshi wa bomba letu nauona, fito zimebaki thelathini tu. Ningeweza kurudi kukata nyingine. Lakini jua lilikuwa linawaka, ufito unauona hata ukiwa mbali mita mia. Nikavuta."

Kuvuta, kwa watu wa njia, ni kuongeza hatua kati ya ufito na ufito ili zitoshe. Kila mmoja amewahi kushawishika. Hakuna anayekiri.

Jaribio la njia lilikuwa bado halijafanyika mwaka ule. Siku mbili baadaye Halvard alikuwa anarudi kutoka kukarabati bomba la moshi la kibanda. Ukungu ulimkuta ziwani, na upepo ukafuata. Alifika kwenye ufito mmoja na hakuuona wa mbele. Akatii kanuni: hakuuacha. Alichimba shimo la kujikinga, mitteni ya kushoto ikachukuliwa na upepo, naye akaushika ule ufito kwa mkono huo huo, akihofia nao usije ukapeperushwa.

Alikaa pale saa kumi na nne. Nyumba yake ilikuwa umbali wa kilomita moja na nusu.

"Nilikwenda kupima kwa kamba baadaye," Torgunn alisema. "Ufito wa mbele ulikuwa mita thelathini na nane. Thelathini na nane! Ningekuwa nimefanya kazi yangu, angekuwa nyumbani anakunywa kahawa."

Je, mumewe alimlaumu?

"Angenilaumu ingekuwa nafuu. Anasema ni kosa lake, hakutazama kipimahewa kabla ya kutoka. Miaka sita wimbo ndio huo huo. Mtu asipokulaumu unajilaumu mara mbili, yako na yake." Alidondosha kiazi kwenye sufuria. "Ninaogopa atapotea, ndiyo. Lakini naogopa na jingine. Atarudi na sufu yote mfukoni aniambie njia iko safi, kwa kunihurumia. Na mimi nitawapitisha watu humo."

Jumanne jua liliwaka tena. Torgunn alipika mikate bapa ya wiki mbili, kwa nyumba ya watu wawili.

Jumatano saa mbili asubuhi dirisha la jikoni halikuwa na kitu. Ziwa halikuwepo, ghala halikuwepo. Ufito wa kwanza, ulio hatua kumi kutoka ngazini, ulionekana kwa shida. Wa pili haukuonekana kabisa ukiwa mlangoni.

"Ameanza," alisema Torgunn. Simu haishiki Gråvassbu, kwa hiyo hakuna namna ya kuuliza. "Saa sita za mwendo. Saa nane mchana awe hapa."

Alifuma. Alifumua. Alichemsha kahawa na kusahau kuinywa, akachemsha nyingine. Saa saba alitoka kufyeka theluji kwenye ngazi ambazo alikwisha kuzifyeka. Redio ilitangaza mashindano ya skii na hakumfokea mtu yeyote, na hapo ndipo mwandishi alipoelewa hali ilivyo.

Saa nane ilifika. Saa nane na nusu ikapita. Saa tisa Torgunn alisimama mlangoni bila kofia, akapiga kengele ya ng'ombe iliyotundikwa ukutani tangu enzi za bibi yake. Alipiga mara tatu, akasikiliza, akapiga tena.

"Alisema hatapotea," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Alisema."

Saa tisa na dakika ishirini na tano kitu cheusi kilitokea kando ya ufito wa kwanza, kikawa mtu, kikawa Halvard, nyusi na masharubu vimeganda.

"Acha kengele, bi mkubwa," alisema. "Mimi si ng'ombe."

Torgunn alimshika mikono yote miwili kabla ya kumshika yeye. Alimvua mitteni, akavua na glavu, akahesabu vidole kimojakimoja kama hesabu ya njia. Vinane, na nusu mbili. Vilikuwa na joto. Ndipo alipoketi ngazini.

"Umechelewa saa nzima na nusu."

"Nilisimama."

"Wapi?"

Halvard alichomoa mfuko wa sufu na kuuweka kwenye magoti ya mkewe. Ulikuwa mwepesi. Bonge la uzi alilotoka nalo, kubwa kama chungwa, halikuzidi tena ukubwa wa limau.

"Fito ngapi?" Torgunn aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mmoja."

"Mmoja? Sufu yote hii?"

"Hapa ziwani. Nilifika kwenye ufito nikatazama mbele, hamna. Nikangoja ufunguke kidogo, hamna. Nimengoja weee, mpaka miguu ikaanza kunisema. Mahali penyewe ni karibu na pale pa mwaka ule, Torgunn, labda fito tano au sita tu." Alijifuta barafu masharubuni. "Basi nikafunga uzi kwenye ufito, nikaenda mbele naukunjua, nikikosa narudi kwa uzi. Mara tatu nimekosa. Mara ya nne nikaugonga kwa paji la uso. Nimeuacha uzi umefungwa huku na huku. Mwaka ule sikuwa na sufu."

Kisha akasema lile neno, taratibu, kama anavyosema kiwango cha theluji.

"Umevuta."

Torgunn alimtazama.

"Umevuta, mke wangu. Na mwaka ule ulivuta. Kipimahewa nilikitazama kabla sijatoka, kilikuwa kinaonyesha hewa nzuri kabisa. Halikuwa kosa langu. Lilikuwa lako."

Mwandishi alitamani kuwa mahali pengine popote, hata zizini. Torgunn alikuwa analia, machozi yakimwagika bila kufutwa, na katikati ya kilio hicho alianza kucheka.

"Kwa nini hukusema? Miaka sita, Halvard!"

"Ningesema, ungeacha kazi. Nani angechomeka? Mimi na mkono huu?" Aliketi kando yake, magoti yakilia. "Halafu nilipokuwa nimesimama pale leo nikasema, nikimdanganya na huu, nitamdanganya na mwakani. Na Pasaka kuna watoto wa watu wanapita. Hapana. Basi."

"Nilijua," alisema Torgunn. "Nilikuwa nangoja uniambie tu, mzee mjinga wewe."

"Haya, nimekuambia. Kahawa ipo?"

Kahawa ilikuwepo, birika mbili. Alipoinywa ya kwanza, Torgunn aliuliza ufito huo uko wapi hasa, na Halvard akamwelekeza: baada ya mwamba wa kunguru, pale njia inapokata kona kuelekea nyumbani. Torgunn aligeuka polepole na kumtazama mwandishi.

"Ndipo uliponiuliza mshahara."

Ndipo. Mwandishi alisema "saba", na mama huyu wa watu, aliyekuwa akiteleza huku akijibu kwa adabu, akaamini. Kanuni yake mwenyewe inasema ukipoteza hesabu unarudi kwenye ufito wa nyuma na kuanza moja. Lakini jua lilikuwa linawaka, na kulikuwa na mgeni.

"Kosa si lako," alimwambia mwandishi. Halafu akafikiri. "Sitaki kuanza hiyo tabia tena. Ni lako nusu."

Ilikuwa saa kumi kasoro. Halvard alisema linaweza kusubiri kesho. Torgunn alikuwa ameshavaa skii na kuchukua ufito mmoja kutoka rundo la usingizi nyuma ya ghala.

"Utaona nini katika ukungu huu?" mumewe alimuuliza.

"Nitaona ufito mmoja, halafu nitaona mwingine. Njia imejaribiwa."

Alikwenda, na mwandishi akamfuata nyuma akiwa amefunga mdomo. Kutoka ngazini mpaka kwenye mwamba wa kunguru hakuna ufito hata mmoja uliokosekana machoni. Baada ya kona uzi mwekundu ulikuwa umelala juu ya theluji, umekazwa kati ya fito mbili, kila upande fundo la mtu anayefunga ndoano kwa meno. Torgunn aliupita akihesabu. Zilikuwa hatua kumi na nane. Alirudi, akahesabu tisa, akachomeka ufito, akautikisa. Uzi aliukunja upya na kuutia mfukoni, kwa vile ni sufu nzuri na glavu za mwakani bado.

Ripoti ya Halvard ilisomwa kwa simu Alhamisi asubuhi, na chama kimefungua njia. Wageni wa kwanza wanategemewa Jumamosi. Kiti kibovu kimeshawekwa juu ya barafu. Halvard ameandika tarehe 29 Mei, Torgunn tarehe 3 Juni, na anasema mwaka huu mtu mwingine ndiye atakayeosha vyombo.

Ana mpango wa kuchomeka mpaka afike miaka sabini. Mjaribu ameshampata. "Namtaka huyu huyu," anasema. "Na wewe ukija mwakani, njoo. Ila maswali yako yaandike kwenye karatasi, nitayajibu jikoni."

Katika kitabu cha njia, namba ya Jumapili imekatwa kwa mstari mmoja. Pembeni yake, kwa mwandiko wa Halvard, pameandikwa: 1,913.